Kwa nini ng'ombe wa udongo wanaofinyangwa na watoto hukatika shingo?

#1 Kifaranga (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Likizo hii nimewatoa watoto kwenye skrini kwa nguvu. Tunaokota vitu nje na kutengeneza vya kuchezea: majani tunabandika kwenye karatasi, vijiti tunafunga kwa nyuzi za magome, mbegu tunatunga. Hayo yote yanakwenda. Kinachotutia aibu ni udongo. Mtoto anafinyanga ng'ombe wake safi kabisa, ana pembe na mkia, tunamwanika. Kesho yake shingo ina ufa, keshokutwa kichwa kiko chini. Miguu nayo hung'oka. Anayelia ni mtoto, anayelaumiwa ni mimi.

Dhana yangu ni jua, maana naanika juani. Mwenzangu wa nyumbani anasema ni maji mengi wakati wa kukanda. Tumebishana hadi tumechoka, tuamulieni.

#2 Siafu Mwekundu
Mpe pole mfugaji. Mimi nimekaa kiti cha nyuma nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Vigae
Jua lina lawama, ila halifanyi peke yake.

Udongo ukikauka husinyaa. Maji yaliyokaa kati ya chembe yanatoka, chembe zinasogeleana. Udongo wa kawaida wa kufinyangia hupungua asilimia 5 hadi 8 hivi kwa urefu, mwingine zaidi. Ng'ombe mzima akisinyaa kwa pamoja, hakuna ufa, atakuwa mdogo tu. Shida ni kwamba pembe, mkia na shingo ni vyembamba, vinakauka mapema, wakati tumbo bado bichi. Shingo imeshajikunja, tumbo halijaanza, wanavutana kama watu wa kamba, na pale panapoungana ndipo panapoachia.

Fanya hivi: anika kivulini pasipo na upepo. Upepo ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Siku za kwanza mfunike kwa mfuko wa plastiki uliolegea, na zile sehemu nyembamba uzizungushie kitambaa chenye unyevu ili zisiwahi. Mgeuze, asikauke upande mmoja. Na tumbo likizidi unene wa kidole gumba, likombe kwa chini kwa kijiko. Ng'ombe hahitaji matumbo.

#4 Mwalimu wa Awali
Fundi Vigae ameongea vizuri, ila mimi darasani siku zote naanika kivulini na bado vichwa vinaanguka. Naomba kutoa sababu nyingine: viungo.

Angalieni mtoto anavyofanya. Anaviringa mpira mkubwa, anaviringa mdogo, anagonganisha, kazi imekwisha. Hapo hakuna muungano wowote, ni vitu viwili vinavyogusana. Pande zote mbili zinatakiwa zichanjwe kwa kijiti, zipakwe udongo ule ule uliolainishwa kwa maji hadi ukawa wa kupakika, zibanwe, kisha mshono usuguliwe kwa kidole mpaka usionekane. Na vipande vyote viwe na unyevu sawa. Ukibandika kichwa kibichi kwenye mwili wa jana umejitafutia.

Kwa watoto wa miaka 3 na 4 siwafundishi kuunga kabisa. Wanavuta miguu na kichwa kutoka kwenye bonge moja, wanabana na kufinya kwa vidole. Au tunafanya nungunungu: bonge moja, miiba ya vijiti. Hana shingo, hana cha kukatika.

#5 Jembe Butu
Mnazunguka mbuyu. Muulizeni kwanza ameuchimba wapi huo udongo.

Si kila kinachong'ang'ania viatu ni mfinyanzi. Jaribu: chukua chupa ya kioo au plastiki angavu, jaza udongo uliopondwa hadi theluthi moja, weka maji mpaka karibu ya mdomo, tikisa sana, kisha iache mahali isipoguswa. Mchanga utatua ndani ya dakika moja au mbili. Juu yake vumbi laini, hilo ni suala la saa kadhaa. Mfinyanzi wenyewe chembe zake hazifiki hata milimita 0.002, unaweza kuelea siku nzima au zaidi kabla ya kutua. Pima tabaka la juu. Kama ni jembamba, hapo mnafinyanga bustani.

Jaribio la pili halihitaji chupa: viringa kamba yenye unene wa penseli, izungushe kwenye kidole. Ikipasuka hapo hapo mkononi, usitegemee miujiza kwenye kuanika.

Halafu kuna kinyume chake. Ule udongo mweusi ambao kiangazi hufanya nyufa ardhini hadi mguu unaingia, huo ni mfinyanzi kweli, tena mwingi mno. Unanyonya maji na kuvimba, ukikauka unasinyaa kupita kiasi. Watoto wanaupenda kwa sababu ni laini. Ng'ombe wake hafiki jioni.

#6 Siafu Mwekundu
Nimeweka chupa dirishani tangu asubuhi. Maji bado ya kahawia. Nyumbani wananiuliza nimeanza uganga lini.

#7 Mtaalamu Uchwara
Nashangaa hakuna aliyetaja viputo vya hewa. Hewa ikibaki ndani ya udongo hutanuka na kupasua. Ndiyo maana wafinyanzi hukanda na kupiga udongo mezani. Watoto hawakandi, wanabonyeza tu. Jibu limepatikana, uzi ufungwe.

#8 Fundi Vigae
> Mtaalamu Uchwara amesema: Hewa ikibaki ndani ya udongo hutanuka na kupasua.

Hapana, mkuu. Kitu kinachoanikwa kivulini hakipati joto la kutanua hewa kiasi cha kukata shingo. Hata kwenye moto, anayelipua chungu ni maji. Udongo ambao haujakauka ndani ukifika nyuzi 100, maji yanageuka mvuke, na mvuke huo unataka nafasi ya mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Kitu kinene chenye unyevu hulipuka hata kama hakina kiputo hata kimoja, na kikavu chenye kiputo hupona.

Kukanda kuna faida, lakini faida yake kubwa ni kusawazisha unyevu. Bonge la mtoto mara nyingi lina upande mkavu na upande wa tope. Hapo tunarudi kwenye hoja yangu ya kusinyaa.

#9 Mtaalamu Uchwara
Kwa hiyo tumekubaliana kwamba wakande. Asante.

#10 Mama Ubuyu
Hamjambo. Miaka nimekuwa nikifinyanga vyungu kabla ya kuja kucheza na wajukuu, na nawashangaa mnaongelea udongo mtupu kana kwamba kuna anayefinyanga udongo mtupu.

Udongo huchanganywa. Vigae vya chungu kilichovunjika vinasagwa, vinachekechwa, vinarudishwa ndani ya udongo mbichi. Vile vigae vimeshachomwa, havisinyai tena. Vinashikilia mwili. Ufa ukianza unakutana na punje unakwama. Na maji yanapata njia ya kutoka kutoka ndani. Kama huna vigae, mchanga laini uliochekechwa: kipimo kimoja kwa vinne au vitano vya udongo. Kama huna mchanga, majani makavu ya nyasi yaliyokatwakatwa mafupi.

Tena anayesaga vigae awe mtu mzima, alowanishe kwanza. Vumbi lile kavu si la kuvuta na mtoto.

#11 Jembe Butu
Shikamoo Mama Ubuyu. Swali dogo: mchanga wa ufukweni unafaa?

#12 Mama Ubuyu
Marahaba. Una chumvi na vipande vya makombe. Kwa vitu vya kuanika tu utapata ukungu mweupe wa chumvi juu, hauui mtu. Ukichoma, vile vipande vya makombe vinageuka chokaa. Chombo kitatoka motoni kizima, baada ya siku kadhaa chokaa inavuta unyevu, inavimba, na vipele vinabanduka. Wa mtoni ni bora.

#13 Kifaranga
Shukrani wote. Nimefanya jaribio alilonitumia mtu kwa ujumbe wa siri: unatengeneza kipande bapa, unachora mstari wa sentimita 10, unakiacha kikauke kabisa, unapima tena. Mstari wangu umebaki sentimita 9. Hii ni mbaya kiasi gani?

#14 Fundi Vigae
Asilimia 10. Ni kubwa. Shingo nyembamba haiwezi kuvumilia hapo bila msaada.

#15 Jembe Butu
Nilisema. Udongo.

#16 Mwalimu wa Awali
Asilimia 10 haielezi kwa nini tumbo halikupasuka, shingo ndiyo ikapasuka. Viungo.

#17 Mama Ubuyu
Weka mchanga.

#18 Baba Wawili
Samahani kuingilia. Mimi nimemaliza tatizo hili kwa kuchomeka kijiti ndani ya shingo kabla ya kuweka kichwa. Kama nondo ndani ya zege. Miguu pia vijiti vinne. Mtoto anafurahi, mnyama anasimama mara moja.

#19 Fundi Vigae
Baba Wawili, kijiti hakisinyai, udongo unasinyaa. Udongo unapokaza kukizunguka kijiti ambacho hakitaki kukaza, unapasuka kwa urefu. Tena kijiti kikavu kinanyonya maji ya udongo na kuvimba kwanza. Utakuta ufa umenyooka kufuata kijiti.

#20 Baba Wawili
Ufa upo, ndiyo. Lakini kichwa hakijaanguka. Mleta uzi ameuliza kuhusu vichwa kukatika, hajauliza kuhusu nyufa.

#21 Siafu Mwekundu
Huyu ni wakili.

#22 Mama Ubuyu
Ukitaka kuweka kitu ndani, weka unyasi wenye tundu au bua laini, linalobonyea. Udongo ukikaza, nalo linakubali.

#23 Msomaji wa Usiku
Kidogo nitoke nje ya mada. Sanamu ya kike ya Dolní Věstonice, nchini Czech, ilichimbuliwa mwaka 1925. Ina umri wa zaidi ya miaka 25,000, ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi vya udongo uliochomwa vinavyojulikana, na urefu wake ni sentimita 11 tu. Ilipopigwa picha za tabaka mwaka 2004 ilionekana ina alama ya kidole cha mtoto wa umri wa kati ya miaka 7 na 15. Ilikutwa kwenye majivu, imevunjika vipande viwili.

Kwa hiyo Kifaranga asijione peke yake.

#24 Mtaalamu Uchwara
Viputo.

#25 Fundi Vigae
Eneo lile limetoa maelfu ya vipande vya sanamu za wanyama na watu, nyingi zimevunjika. Kuna watafiti walioziangalia nyufa zake wakasema nyingi ni za motoni, zimetokana na joto la ghafla, na wakafika mbali hadi kudai kwamba huenda zilitupwa motoni mbichi makusudi ili zipasuke kwa kishindo. Wengine hawakubali kwamba ni makusudi. Ila ni moto, wala si kuanika. Tusichanganye.

#26 Siafu Mwekundu
Makusudi? Basi wanangu ni wa ukoo ule ule.

#27 Dada wa Pwani
Mimi nina swali upande wa majani, maana mleta uzi amesema "hayo yote yanakwenda" kama mzaha. Yangu yanageuka kahawia ndani ya kitabu. Nayabana vizuri, kitabu kizito, bado.

#28 Mwalimu wa Awali
Dada, uzito si tatizo, unyevu ndio unaobaki. Yaweke kati ya karatasi zinazonyonya, magazeti yanatosha, na ubadilishe karatasi kila siku kwa siku za mwanzo. Kurasa za kitabu chenye karatasi ya kung'aa hazinyonyi kitu. Chagua majani membamba, yale manene yenye nyama huoza kabla ya kukauka. Usichume yenye umande. Yakishakuwa makavu usiyatundike dirishani, mwanga unaua ule ukijani.

Kwa wadogo wasio na subira, chapa za majani: jani chini, upande wa mishipa uangalie juu, karatasi nyembamba juu yake, kalamu ya nta ilazwe ubavu na kusuguliwa. Wengi hulaza jani kinyume ndiyo maana hawaoni mishipa.

#29 Mzizi Mkavu
Kwa kuwa mbegu zimetajwa: Kifaranga, mnatunga mbegu gani? Tafadhali, si zile nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi (kitaalamu Abrus precatorius). Zina abrini, sumu kali mno. Ikimezwa nzima huenda ikapita kwa kuwa ganda ni gumu, lakini ili uitunge lazima uitoboe, na ukishaitoboa ulinzi umeondoka. Nyonyo nazo, zile za madoadoa, zina risini. Zote mbili ni nzuri kwa macho, na ndizo mtoto anazikimbilia.

Kanuni yangu: mbegu nisiyoijua kwa jina haiingii nyumbani. Na mtoto ambaye bado anaweka vitu mdomoni hapewi mbegu kabisa, hata isiyo na sumu, kwa sababu ya kukabwa. Mimea yenye utomvu mweupe isivunjwe vijiti, utomvu wa baadhi yake ukiingia machoni ni balaa.

#30 Kifaranga
Nimekwenda kukagua kopo sasa hivi. Nyekundu hazimo. Kuna tatu sizijui, nimezitupa. Asante sana mkuu.

#31 Mtaalamu Uchwara
Ukizichemsha sumu si inakwisha?

#32 Mzizi Mkavu
Usichemshe, usikaange, usijaribu. Mbegu za kutunga ni nyingi duniani, hakuna haja ya kutafuta njia ya kuishi na hiyo moja.

#33 Baba Wawili
Na zenye wadudu je? Mkufu wetu ulitoboka wenyewe.

#34 Mzizi Mkavu
Weka kwenye jokofu la kugandisha siku kadhaa kabla ya kutunga, ndani ya mfuko uliofungwa. Wengi watakufa pamoja na mayai yao. Kisha zikaushe.

#35 Dada wa Pwani
Sisi tulileta tunda kavu la msonobari, yale ya magamba. Tulipoliosha likajifunga. Mtoto akaamini liko hai na limekasirika.

#36 Jembe Butu
Limekufa kitambo, ila linafanya kazi. Gamba lina matabaka mawili yanayovimba tofauti yakipata unyevu, la nje linavimba zaidi, kwa hiyo gamba linajikunja kuelekea ndani. Likikauka linafunguka. Kwenye mti lengo ni mbegu zitoke siku kavu zipeperuke. Lichovye maji, lianike, lichovye tena, litarudia. Ukitaka kulipaka rangi likiwa wazi, likaushe kwanza.

Na angalieni, hii ni habari ile ile ya ng'ombe. Sehemu mbili zinazobadilika ukubwa kwa kasi tofauti.

#37 Fundi Vigae
Hatimaye Jembe Butu amekubali hoja yangu ya #3.

#38 Jembe Butu
Nimeongelea msonobari.

#39 Mwalimu wa Awali
Niulize kitu ambacho hakuna aliyegusa. Nani amesema ng'ombe lazima abaki? Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, udongo ulikuwa miongoni mwa kazi alizowapa. Pia vijiti vilivyochongoka viliungwa kwa njegere kavu zilizolowekwa: njegere ikikauka inakibana kijiti na umbo linasimama. Watoto walijenga, wakabomoa, wakajenga. Mtoto wa miaka 4 anataka kubonyeza. Sisi ndio tunaotaka kitu cha kuweka kabatini.

#40 Baba Wawili
Mwalimu, kwa heshima, wa kwangu ana miaka 7 na alilia mpaka akalala. Alimpa jina yule ng'ombe. Ukishampa jina, habari ya kubomoa na kujenga imekwisha.

#41 Mama Ubuyu
Wote wawili mna haki. Mdogo mwache. Mkubwa mfundishe, maana ameshaanza kujali.

Ila msimtengenezee. Nimeona wazazi humu mtaani kwangu wakifinyanga wenyewe na mtoto anashika maji.

#42 Siafu Mwekundu
Ujumbe umenifikia nikiwa na tope mikono yote miwili, mtoto yuko ndani anaangalia katuni.

#43 Kifaranga
Mrejesho kwa walioniuliza. Tumefanya wanyama wanne, udongo ule ule.

Wa mchanga, kivulini, chini ya plastiki: mzima, shingo iko. Wa udongo mtupu, kivulini, chini ya plastiki: ufa mwembamba shingoni, kichwa kipo. Wa mchanga juani: mguu mmoja umetoka pale pale ulipobandikwa bila kuchanjwa, shingo nzima. Wa kijiti cha Baba Wawili: ufa mrefu, umenyooka kama Fundi alivyosema, kichwa kipo kama Baba Wawili alivyosema.

Lakini wa kwanza, yule mzima, ameota ukungu mgongoni.

#44 Fundi Vigae
Wa pili ana ufa mwembamba badala ya kichwa kuanguka. Kukausha polepole ndiko kulikomwokoa.

#45 Mama Ubuyu
Wa tatu alikuwa juani na shingo yake nzima. Mchanga.

#46 Mwalimu wa Awali
Na mguu wake umetoka wapi? Kwenye kiungo. Siongezi neno.

#47 Mtaalamu Uchwara
Alikandwa vizuri huyo wa kwanza?

#48 Kifaranga
Alikandwa sana. Mtoto alimkasirikia.

#49 Mtaalamu Uchwara
Basi.

#50 Jembe Butu
Ukungu usikutishe, plastiki ilibana mno na kuna vijimizizi ndani ya udongo wako. Wafinyanzi wengine hata hupenda udongo uliolazwa wiki kadhaa hadi unuke, unavutika vizuri zaidi. Fungua plastiki kila siku ufute yale matone ya ndani. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni, hasa kama mnachimba mahali paka wanapozika mambo yao.

#51 Mgeni Njiani
Nimesoma kuanzia #1 hadi hapa. Udongo wetu umekauka kwenye ndoo, umekuwa mawe. Unatupwa au unarudi?

#52 Mama Ubuyu
Unarudi, ilmradi haujachomwa. Uache ukauke kabisa, usiuwahi ukiwa nusu, ule nusu ndio mgumu kulainika. Vunja vipande vidogo, mimina maji mpaka vizame, acha hadi kesho. Vitaporomoka vyenyewe. Mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye kitambaa mpaka lishikike. Usikoroge likiwa majini, utapata madonge.

#53 Mtaalamu Uchwara
Mimi hukoroga.